Baiti 2,048 za Majanji

Jumanne, 4 Machi 2025. Majanji

Kifaa cha kupima upepo kwenye mlingoti wa mwalo wa Majanji kimeanza upya tena usiku. Ujumbe wa kuwaka umeingia kwenye simu yangu saa nane, ukaingia tena saa tisa kasorobo, na mwingine karibu na alfajiri. Kila kikianza upya hupoteza vipimo vyote vya upepo vilivyokuwa vinasubiri kutumwa, na taa nyekundu ya onyo hubaki imezimika mpaka vikusanywe vipimo vipya vya dakika kumi.

Dakika kumi katika ziwa hili ni nyingi mno. Dhoruba za Ziwa Victoria hupenda usiku: upepo wa nchi kavu hutoka pande zote ukakutana juu ya maji ambayo bado yana joto, mawingu yakapanda, na kabla hakujapambazuka pepo kali zinaishukia mitumbwi ya mukene, dagaa wa ziwa hili, ikiwa kazini na taa zake. Makadirio yanayonukuliwa mara nyingi husema ziwa hili huua watu kati ya 3,000 na 5,000 kila mwaka. Siwezi kuiacha taa ya onyo ilale saa ambayo inahitajika kuliko saa zote.

Nimeanza kwa kukagua umeme, kwa sababu huko ndiko hitilafu nyingi za mwalo huu hutokea. Betri nzima, paneli safi, viungo vikavu. Basi nikarudi kwenye rekodi. Mikrokontrola yetu, ATmega328P, ina rejista iitwayo MCUSR inayotunza sababu ya kuanza upya: umeme kuingia, umeme kushuka, mguu wa nje kuvutwa, au saa ya ulinzi kuishiwa na subira. Programu huisoma na kuifuta kila inapoanza, kisha huituma pamoja na ujumbe. Za usiku wa jana zote ni sifuri.

Maana yake hakuna kilichokianzisha upya kifaa. Ni programu yenyewe iliyojikuta mwanzoni. Katika C, jambo la kwanza la kushukiwa hapo ni staki iliyovurugwa.

Mwezi utapevuka tarehe 14, na wavuvi wa mukene watapumzika siku kadhaa maana taa zao hazifui dafu mbele ya mbalamwezi. Giza litarudi mwishoni mwa mwezi, na mitumbwi pamoja nalo. Kifaa lazima kiwe kimepona kabla ya hapo.

Alhamisi, 6 Machi. Tororo

Nimeiweka bodi mezani. Niandike hesabu yake yote hapa, kwa kuwa ndiyo inayoamua kila kitu.

Chipu hii ina flashi ya kilobaiti 32 kwa ajili ya programu, na RAM ya baiti 2,048. Anwani za RAM huanzia 0x0100 na kuishia 0x08FF. Chini kabisa hukaa vigezo tuli, vile vinavyoishi tangu kifaa kiwake mpaka kizimike. Juu yake huanza hipu, inayopanda kila malloc inapoomba nafasi. Staki huanzia juu kabisa, 0x08FF, na kushuka kila fanksheni inapoitwa. Ni kama ndugu wawili waliogawiwa shamba moja bila mpaka, kila mmoja akalima kutoka upande wake. Siku wanapokutana katikati hakuna kengele inayolia. Mmoja hupanda juu ya mazao ya mwenzake na wote wawili wasijue.

Fanksheni inayozungumza na modemu, ambayo niliikuta tayari ndani ya programu, ina mstari huu:

`char jibu[160];`

Ni safu ya ndani, kwa hiyo inakaa kwenye staki. Modemu inapopoteza mtandao, programu huiamuru iorodheshe mitandao yote inayosikika, na herufi za jibu humiminwa humo moja baada ya nyingine mpaka mstari uishe. Hakuna anayeangalia kama zimefika 160.

Kampala, ambako bodi ilijaribiwa, orodha ilienea bila taabu. Majanji ni ukingo wa nchi mbili. Modemu inasikia mitandao ya Uganda, ambayo namba zake huanza na 641, na ya Kenya iliyo ng'ambo upande wa Sio Port, inayoanza na 639. MTN ya huku ni 64110, Safaricom ya kule ni 63902, na wengine wanafuata, kila mmoja na jina refu, jina fupi na namba yake. Orodha niliyoinasa mwaloni ina herufi 219.

Nimeilisha bodi orodha hiyohiyo na kuisimamisha programu hatua moja kabla fanksheni haijarudi. Staki hushuka lakini safu hujazwa ikipanda, kwa hiyo herufi ya 161 na zinazofuata zimefunika rejista zilizohifadhiwa, kisha zile baiti mbili za anwani ya kurudia. Nikazisoma: 0x36 na 0x33. Hizo ni herufi “6” na “3”. Mwanzo wa namba ya mtandao wa Kenya umekalia nafasi ya anwani!

Chipu ikatii. Ikaruka mpaka 0x3633, sehemu ya flashi isiyoandikwa kitu, ikatembea juu ya maneno matupu (ya baiti mbili mbili) yasiyotenda lolote mpaka mwisho wa flashi kwenye 0x3FFF, na hatua iliyofuata ikawa 0x0000. Mwanzo wa programu. Ndiyo maana MCUSR ilikuwa tupu, na ndiyo maana saa ya ulinzi haikulia: programu haikuganda hata kidogo, ilikuwa ikikimbia wakati wote.

Ijumaa, 7 Machi

Leo nimeona niitetee staki, kwa sababu ukishakumbana na jambo kama la jana ni rahisi kuichukia.

Kwenye staki, kupata nafasi ni kupunguza namba moja, na kuirudisha ni kuiongeza namba hiyohiyo. Hakuna anayehitaji kukumbuka kuachilia; fanksheni ikirudi, vyake vyote vimeondoka. Tena staki inahesabika mapema. Ukimwambia kompaila `-fstack-usage`, anakuandikia kila fanksheni inatumia baiti ngapi, na wewe unajumlisha kwa karatasi njia ndefu kuliko zote ya fanksheni kuitana, kisha unaongeza intarapti inayoweza kuingia pale chini kabisa. Hesabu hiyo inawezekana mradi hakuna fanksheni inayojiita yenyewe na hakuna safu ambayo urefu wake unajulikana tu programu ikiwa inakimbia.

Kwa hiyo kitu cha staki kina masharti matatu. Kiwe kidogo. Ukubwa wake ujulikane kabla. Na kisiishi kuliko fanksheni iliyokizaa: `return jibu;` ni kumpa mtu ufunguo wa chumba kilichokwishapangishwa mwingine. Safu yetu ya 160 ilitimiza sharti la kwanza na la tatu, ikavunja la pili.

Hitilafu hii ina umri mkubwa. Usiku wa tarehe 2 Novemba 1988 Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Cornell, aliachia mnyoo uliokwamisha maelfu ya mashine za intaneti ya wakati ule. Mojawapo ya milango yake ilikuwa programu ya fingerd, iliyosoma mstari kutoka nje kwa `gets` na kuutia kwenye safu ya baiti 512 iliyokaa kwenye staki. Mnyoo ulituma mstari mrefu zaidi, ukachagua kwa makusudi nini kikalie anwani ya kurudia. Kiwango cha C cha mwaka 2011 kiliiondoa `gets` kabisa. Lakini kitanzi kisicho na kikomo mtu yeyote anaweza kukiandika kwa mkono wake, na ndicho nilichokikuta humu.

Jumatatu, 10 Machi

Kijana anayesoma uhandisi Chuo Kikuu cha Busitema amekuja kunisaidia. Nimemwonyesha 0x36 na 0x33, akakaa kimya kidogo, kisha akauliza swali ambalo kila aliyejifunzia C kwenye laptopu angeuliza.

“Kaka, kwa nini tusitumie malloc? Orodha ikirefuka, tunaomba nafasi zaidi. Tukimaliza, tunaachilia.”

Nimemjibu kwamba kwenye laptopu yake ana haki. Linux humpa staki yenye kikomo cha megabaiti 8 kwa kawaida, na chini yake kuna ukurasa usioguswa: ukiukanyaga, programu inauawa papo hapo na jirani hadhuriki. Hipu yake nayo ina gigabaiti, na anwani ambazo programu inaziona si anwani halisi za chipu, kwa hiyo mfumo unaweza kumpangia kurasa zilizotawanyika zikaonekana zimeshikana. Hapo kanuni ya kwamba kikubwa au kisichojulikana kiende hipu ni kanuni njema. Ndiyo aliyofundishwa, na asiitupe.

Bodi hii haina ukurasa wa ulinzi wala anwani za kufikirika. Baiti ni zile zile 2,048, na mbili zisizoshikana hazitashikana kamwe.

Sikutaka aniamini kwa maneno. Nimempa bodi ya pili aandike toleo la hipu: orodha ikue kwa `realloc` baiti 32 kwa 32, na kila kipimo cha upepo kinachosubiri mtandao kiombewe baiti zake 12. Tutaiacha ikimbie, mtandao ukikatika na kurudi kama unavyofanya ziwani.

Jumatano, 12 Machi

Toleo la hipu lilifanya kazi vizuri mchana kutwa, likaja kukwama usiku. Leo tumeichora hipu kwenye karatasi ya gridi, kijana akipaka rangi vipande vinavyotumika.

Kila kipande kina kichwa cha baiti mbili kinachoandika ukubwa wake, kwa hiyo kipimo cha baiti 12 kinakula 14. Hilo ni dogo. Kubwa ni mpangilio. Orodha ikiwa juu kabisa ya hipu, avr-libc, maktaba ya C ya chipu hii, huirefusha palepale. Lakini kipimo kipya kikiingia orodha ikiwa katikati ya kukua, kinakaa juu yake. Kuanzia hapo kila `realloc` lazima itafute mahali pengine, inakili yote, kisha iachilie pa zamani. Kwa muda mfupi orodha moja inahitaji nafasi ya orodha mbili. Tena kipimo kimoja kilichobaki kileleni kinaizuia hipu nzima isishuke, hata kama chini yake pote ni patupu.

Mwisho tumejumlisha mashimo: baiti huru 540. Shimo kubwa kuliko yote: 188. Orodha inataka 219. Nafasi ipo, na haipo.

Kisha kijana mwenyewe akaliona la pili:

`jibu = realloc(jibu, n);`

`realloc` ikishindwa inarudisha NULL na kukiacha kipande cha zamani kama kilivyo. Mstari huu umeifuta pointa pekee iliyokuwa inakijua. Kipande hakitaachiliwa tena mpaka umeme ukatike. Unaweza kulitibu hilo kwa pointa ya muda, na ni lazima kulitibu popote pale, hata kwenye laptopu. Ila mashimo hayatibiki kwa nidhamu. Unaweza kuachilia kila ulichoomba, kwa uaminifu kamili, na bado ukakosa.

“Sasa tukikosa tunafanya nini?” akauliza.

Toleo la hipu halikuwa na jibu. Hakuna aliyekaa akafikiri kuhusu siku ya kukosa, kwa sababu malloc inakuruhusu kuandika kana kwamba siku hiyo haiji.

Alhamisi, 13 Machi

Kijana alidhani mambo haya ni ya bodi za bei nafuu. Nimemsimulia habari ya Spirit, gari la NASA lililotua Mirihi Januari 2004. Kabla mwezi haujaisha lilinyamaza. Mfumo wake wa mafaili uliweka orodha ya mafaili yote ya flashi ndani ya RAM, na mafaili yalikuwa yameongezeka tangu safarini. Orodha ikakua, kumbukumbu ikaombwa, ikakosekana, kompyuta ikaanza upya. Ikaanza kwa kuisoma flashi ileile, ikakosa tena, ikaanza tena. Wahandisi waliliokoa kwa kuliamuru liwake bila kuigusa flashi, kisha wakafuta mafaili.

Mwaka 2006 Gerard Holzmann wa JPL, maabara iliyolitengeneza gari hilo, alichapisha kanuni kumi za kuandika programu ambazo maisha au chombo kinazitegemea. Ya tatu inasema kumbukumbu isiombwe tena baada ya programu kumaliza kujiandaa. Majanji inastahili kanuni hiyohiyo. Mlingoti wetu unafikika kwa gari, ni kweli, lakini saa nane za usiku hakuna atakayeufikia kabla ya upepo.

Jumamosi, 15 Machi. Majanji

Mbalamwezi ni kali, na mitumbwi mingi imelala mchangani. Nimekuja kumwona mzee mwenye mitumbwi anayeshika ufunguo wa sanduku la kifaa. Nilikuwa na swali ambalo si la kompyuta, ijapokuwa limetoka ndani yake.

Nikiacha hipu, vipimo vinavyosubiri mtandao vitakaa kwenye safu tuli yenye idadi maalumu. Nimefika 40. Siku mtandao ukikatika muda mrefu, cha 41 kitafika na hakuna pa kukiweka.

“Mzee, kifaa kikijaa, kisahau upepo upi? Wa zamani au wa sasa?”

Hakujibu upesi. Aliuliza kwanza kifaa kinaandika nini. Nikamwambia: saa, wastani wa dakika kumi, pigo kubwa kuliko yote, upande lilikotoka, na kimo cha maji.

“Wastani hauzamishi mtu, mwanangu. Kinachozamisha ni lile pigo moja. Sahau mengine, hilo usilisahau, na usisahau lilitoka upande gani.”

Akaendelea kunieleza jinsi anavyosoma usiku uliopita kabla ya kuruhusu mitumbwi kutoka jioni: hahitaji kila dakika kumi, anahitaji kujua palipiga kwa nguvu kiasi gani na kutoka wapi. Hapo ndipo programu ilipopata umbo. Hii ni kazi ambayo ningeweza kukaa nayo Tororo mwaka mzima na nisiipatie, kwa sababu jibu lake halimo ndani ya chipu.

Alhamisi, 20 Machi. Tororo

Toleo jipya limekamilika. Niorodheshe maamuzi.

Vipimo vinavyosubiri: safu tuli, 40 kwa baiti 12, jumla 480. Nafasi yake imetengwa tangu kompaila, na isingetosha ningeambiwa nikiwa bado mezani. Ikijaa, vipimo viwili vya zamani vinavyopakana huunganishwa kuwa kimoja, kikibakiza pigo lililo kubwa, upande wake na saa yake. Neno la mzee limekuwa mistari michache ya C.

Orodha ya mitandao: haiwekwi popote. Kijana ndiye aliyeuliza kwa nini tunaihitaji yote kwa pamoja, na kwa kweli hatuihitaji. Programu inaipokea herufi moja moja, inahesabu alama za nukuu ili ijue iko sehemu gani, na ikifika kwenye namba ya mtandao inaijenga tarakimu kwa tarakimu. 64110 na 63902 zote zinaenea ndani ya namba ya baiti mbili, ambayo kikomo chake ni 65,535. Inayozidi hapo inakataliwa. Ongeza baiti moja ya hali na moja ya kuhesabu. Kilichotaka 219 sasa kinatosheka na baiti nne kwenye staki, hata siku modemu ikisikia mitandao ishirini.

Maneno ya onyo, kwa Kiswahili, Kisamia na Kiganda: yamehamishiwa flashi. Yaliachwa kama maandishi ya kawaida ya C, na kwenye chipu hii hiyo ina maana yananakiliwa RAM kifaa kinapowaka, yakakalia nafasi bila kubadilika hata siku moja.

Vigezo vingine vyote, pamoja na foleni za modemu: 420. Jumla ya tuli ni 900. Hipu ni sifuri. `malloc` haimo tena kwenye programu, na nimeongeza ukaguzi unaokataa kuijenga ikiwa mtu ataiita. Staki imebakiwa na 1,148 peke yake.

Jumanne, 25 Machi. Majanji

Bodi imerudi mlingotini tangu Ijumaa, na leo nimekuja kusoma “rangi” ya staki. Programu inapoanza huijaza sehemu yote ya staki kwa baiti moja, 0xC5. Staki ikishuka hufuta, na palipobaki 0xC5 hapajawahi kukanyagwa. Mtandao umekatika na kurudi mara nyingi, orodha ya nchi mbili imepita, ujumbe umetumwa, na intarapti zimeingia katikati. Kina kirefu kilichofikiwa ni baiti 391. Hesabu yetu ya karatasi ilisema 418 kwa hali mbaya kabisa, kwa hiyo kipimo na hesabu vinaelewana, na 757 hazijaguswa. Kifaa hakijaanza upya hata mara moja.

Mwezi umekonda, na jioni hii wanafunga taa kwenye mitumbwi.

Kuna mpango wa mlingoti wa pili ng'ambo, Sio Port, na nimemwomba kijana auongoze. Mitandao itasikika kwa mpangilio mwingine kule, na maji yatapanda kwa namna yake. Nimemwambia asiandike mstari wowote wa C kabla hajajaza karatasi moja. Kwa kila kitu kitakachokaa kwenye kumbukumbu aandike kitaishi mpaka lini, siku mbaya kabisa kitafika ukubwa gani, na kikizidi hapo nini kitapotea. Kinachokufa pamoja na fanksheni yake, kikiwa kidogo na chenye ukubwa unaojulikana, aweke kwenye staki. Kinachoishi muda wote aweke tuli. Kisichojulikana ukubwa aangalie kwanza kama ni lazima kishikwe kizima. Akifika laptopu au seva yenye kumbukumbu tele, hipu itamfaa, na karatasi hiyohiyo itamwonyesha nani anamiliki kila kipande na ni wapi anakiachilia.

Safu ya mwisho ya karatasi, ya kinachopotea, asiijaze peke yake. Aende akakae na wavuvi wa Sio Port kabla hajaijaza, kwa sababu upepo wa upande ule wao ndio wanaoujua.